Maji, Wadudu na Mapatano: Kijiji cha Jatiluwih Katika Kisiwa cha Bali

Mpunga hulisha karibu nusu ya watu wote wa dunia, na sehemu kubwa ya mpunga huo hulimwa na wakulima wadogo wa Bara la Asia katika majaruba ambayo aghalabu hayazidi hekta moja au mbili. Kilimo hicho kinapoelezwa vitabuni, mambo yatajwayo kwanza ni mbegu, mbolea, maji na nguvu za mkulima. Liko jambo la tano ambalo halionekani kwa macho wala haliuzwi dukani, nalo ni mapatano ya majirani juu ya siku ya kupanda. Makala haya yanaeleza habari za kijiji kimoja kidogo cha Indonesia kilicho mbali na pwani, ili kuonyesha jinsi mapatano hayo yanavyofanya kazi, sababu zake za kisayansi, na hasara iliyopatikana pale yalipovunjwa.

MAHALI KILIPO KIJIJI

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000 vilivyotandaa sambamba na ikweta, kati ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Bali ni kimojawapo cha visiwa hivyo, nacho kiko mashariki kidogo ya kisiwa kikubwa cha Java, nyuzi 8 hivi kusini ya ikweta. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 6,000. Kisiwa hiki kimekatwa na safu ya milima ya volkano itokayo mashariki kwenda magharibi. Mlima mkubwa kuliko yote ni Agung, wenye kimo cha zaidi ya meta 3,000, ambao uliripuka kwa kishindo mwaka 1963. Unaoufuata kwa kimo ni Batukaru, wenye meta 2,276, nao umefunikwa na msitu mnene.

Kijiji cha Jatiluwih kiko katika mteremko wa kusini wa mlima huo wa Batukaru, meta 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa taratibu za utawala kimo katika tarafa ya Penebel, wilaya ya Tabanan, mkoa wa Bali. Wilaya ya Tabanan imejulikana kwa muda mrefu kuwa ndiyo ghala ya mpunga ya kisiwa kizima. Mvua kubwa hunyesha kati ya Novemba na Machi, na miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu zaidi, ingawa msitu wa mlimani huhifadhi maji na kuyatoa polepole katika chemchemi mwaka mzima.

Wakazi wa Jatiluwih, kama walivyo wengi wa Wabali, ni wafuasi wa dini ya Kihindu, hali Waindonesia walio wengi ni Waislamu. Nyumba zao zimejengwa karibu karibu ndani ya nyua zenye kuta, na kila ua una mahali pake pa ibada. Karibu na makazi kuna migomba, minazi na mikahawa, na ng'ombe hufugwa kwa kukatiwa majani. Lakini chini ya makazi, na juu yake pia, nchi yote imechongwa ngazi kwa ngazi. Hayo ndiyo majaruba ya mpunga, yenye eneo la hekta 300 hivi, na kila ngazi imeshikiliwa na ukingo wa udongo ulioota majani.

JINSI MAJI YANAVYOFIKA SHAMBANI

Mtu atazamaye ngazi hizo aweza kudhani kwamba maji hutiririka tu kutoka mlimani na kuingia shambani. Sivyo. Udongo wa Bali umetokana na majivu na mawe laini ya volkano, na mito imeyachimba mawe hayo hata ikawa inapita katika makorongo marefu yenye kuta zilizosimama wima. Mkulima aliyeko ukingoni aweza kuusikia mto lakini hawezi kuyafikia maji yake. Kwa hiyo maji hayana budi kuchukuliwa mbali, upande wa juu, mahali ambapo mto haujazama sana.

Huko hujengwa banio, yaani boma dogo la mawe na magogo (siku hizi pia la saruji) linalokinga sehemu ya mto. Maji huingizwa katika mfereji, na pale mfereji unapokutana na kilima, hupitishwa katika njia iliyochimbwa chini kwa chini kwa mikono. Ufundi huo ni wa kale sana. Maandishi ya mwishoni mwa karne ya 9 yaliyopatikana katika kisiwa hicho yanawataja mafundi wa kuchimba njia za maji za chini ya ardhi, na maandishi ya karne ya 11 yanataja jumuiya za wamwagiliaji kwa jina linalokaribiana na lile litumikalo hadi leo.

Maji yakishafika juu ya majaruba, hushuka kutoka jaruba moja hadi jingine, na yanayobaki hurudi mtoni. Chini zaidi, kijiji kingine kina banio lake na huyachukua tena maji yale yale. Kwa njia hiyo mto mmoja huhudumia jumuiya nyingi mfululizo, na kila afanyalo mkulima wa juu humfikia mkulima wa chini.

SUBAK, JUMUIYA YA WENYE MAJI

Jumuiya ya wakulima wanaotumia maji ya mfereji mmoja huitwa subak. Katika kisiwa kizima zipo jumuiya za namna hiyo zipatazo 1,200, na moja huweza kuwa na wakulima 50 hadi 400. Subak si kijiji. Mtu huwa mwanachama kwa sababu ana jaruba linalopata maji ya mfereji huo, hata kama nyumba yake iko kijiji kingine. Na mwenye majaruba katika mifereji miwili huwa mwanachama wa subak mbili. Jatiluwih ina subak yake, nayo imegawanyika katika sehemu saba ziitwazo tempek, ili kazi za kila siku ziwe karibu na wahusika.

Kiongozi wa subak huitwa pekaseh, naye huchaguliwa na wanachama. Sheria zao, ambazo zamani ziliandikwa juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mitende, huitwa awig-awig. Humo imeelezwa nani asafishe mfereji na lini, faini ya mtu aibaye maji, na wajibu wa kila mmoja banio linapobomoka. Katika mkutano kila mwanachama ana sauti moja, awe na jaruba moja au kumi.

Kifaa cha kugawia maji chafaa kutazamwa kwa makini na wanafunzi wa fizikia. Mfereji unapogawanyika, hulazwa gogo lenye matundu yaliyochongwa kwa kina kimoja lakini kwa upana mbalimbali. Upana wa kila tundu hulingana na idadi ya mafungu ya maji ambayo upande huo unastahili. Kwa kuwa maji hupita juu ya gogo kwa kimo kimoja, kiasi kinachoingia katika kila mfereji huwa karibu sawa na uwiano wa upana wa matundu. Mto ukijaa, wote hupata zaidi. Ukipungua, wote hupungukiwa kwa uwiano ule ule. Hakuna haja ya mlinzi wa kufungua na kufunga, na mtu yeyote apitaye aweza kupima kwa shubiri yake kama gogo limechezewa.

MWAKA WA MPUNGA

Jatiluwih ni miongoni mwa mahali pa Bali ambapo mpunga wa asili bado unapandwa. Mashuhuri zaidi ni ule utoao mchele mwekundu. Rangi hiyo imo katika utando mwembamba unaoizunguka punje, si katika wanga wake, kwa hiyo mchele ukikobolewa kupita kiasi huwa mweupe. Mpunga huu una bua refu, nao huchukua miezi mitano hadi sita kukomaa. Hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa mnamo katikati yake. Baada ya hapo wakulima hupanda mpunga wa kisasa ukomaao upesi, au huliacha jaruba lipumzike.

Kazi huanza kwa kuingiza maji na kuuvuruga udongo mpaka uwe tope laini. Chembe ndogo za udongo hutuama na kuziba vinyweleo vya chini, hata jaruba likaweza kushika maji kama bakuli. Hii ndiyo kazi inayohitaji maji mengi kuliko zote. Miche iliyooteshwa kitaluni hupandikizwa, na maji huachwa yasimame au yapite polepole hadi mpunga unapokaribia kukomaa, ndipo jaruba hukaushwa. Kwa desturi masuke ya mpunga wa asili hukatwa moja moja kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, hufungwa matita, huanikwa na kuwekwa ghalani. Baada ya mavuno bata huingizwa majarubani kuokota punje zilizoanguka pamoja na wadudu na konokono.

Kila hatua ya kazi hizi ina ibada yake. Mpunga huhesabiwa kuwa ni kiwiliwili cha Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga, naye huheshimiwa tangu maji yanapofunguliwa hadi mavuno yanapoingia ghalani. Kila mkulima ana kibanda kidogo cha sadaka mahali maji yanapoingilia katika majaruba yake. Kila subak ina hekalu lake. Na subak kadhaa zinazotegemea maji ya aina moja zina hekalu kubwa la pamoja. Ndani ya Jatiluwih liko hekalu la Petali, mojawapo ya mahekalu yanayohusiana na hekalu kuu la mlima Batukaru. Siku za ibada hupangwa kwa kalenda ya Wabali yenye siku 210, ambamo majuma ya urefu mbalimbali, kama vile ya siku 3, siku 5 na siku 7, huhesabiwa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mahekalu ndiyo mahali ambapo wakulima wa juu na wa chini hukutana na kuamua lini kila sehemu ipokee maji na ianze kupanda. Kwa miaka mingi wageni waliyatazama mambo hayo kama mambo ya dini peke yake. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ndani yake mna suluhisho la tatizo gumu la kilimo.

TATIZO LENYE PANDE MBILI

Mpunga una maadui wengi. Miongoni mwao ni panya, na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu wa majani na mabua. Mmoja wa rangi ya kahawia hufyonza mabua mpaka shamba zima likanyauka kama lililochomwa moto. Mwingine wa rangi ya kijani huambukiza virusi vya ugonjwa uitwao tungro, unaodumaza mpunga na kuugeuza rangi ya manjano. Wadudu hawa huzaliana upesi, na kizazi kimoja hukamilika katika muda wa mwezi mmoja hivi. Udhaifu wao ni kwamba hutegemea mpunga mbichi ulio hai.

Ikiwa majirani wote watapanda pamoja na kuvuna pamoja, eneo kubwa hubaki bila mpunga kwa majuma kadhaa. Wadudu hukosa chakula na makao, na wengi hufa. Lakini ikiwa kila mmoja atapanda kwa wakati wake, wadudu huhama kutoka jaruba linalovunwa hadi jaruba la jirani lenye mpunga mchanga, na hawakosi chakula mwaka mzima.

Hapo ndipo penye ugumu. Wote wakipanda siku moja, wote watahitaji maji mengi ya kuvurugia udongo siku hiyo hiyo, na mto hautatosha. Mahitaji ya maji yanataka watu wapishane, na vita dhidi ya wadudu vinataka watu waende pamoja. Mkulima wa juu, aliye wa kwanza kupata maji, haumizwi na upungufu. Aumiaye ni wa chini. Basi kwa nini wa juu akubali kupunguza maji yake kwa ajili ya mwenzake?

Jibu laweza kuonekana kwa mfano mwepesi wa hesabu. Tuseme kila mmoja wa wakulima wawili, wa juu na wa chini, aweza kuvuna magunia 10 mambo yote yakiwa mazuri. Wakipanda nyakati tofauti, maji yanatosha lakini wadudu wanaharibu magunia 3 kwa kila mmoja. Kila mmoja atavuna 7. Wakipanda pamoja, wadudu hawaleti hasara, ila wa chini anapoteza magunia 2 kwa upungufu wa maji. Wa juu atavuna 10 na wa chini 8. Wote wawili wamepata faida kwa kupanda pamoja.

Sasa tuseme mto umepungua, na kupanda pamoja kunamgharimu wa chini magunia 4. Atavuna 6 tu, kwa hiyo ni afadhali apande wakati mwingine na apate 7. Akifanya hivyo, wa juu naye anaangukia 7 kwa sababu ya wadudu. Lakini ikiwa wa juu atamwachia mwenzake sehemu ya maji, ingawa kwa kufanya hivyo anapoteza gunia 1, na hasara ya wa chini ikapungua toka 4 hadi 2, basi wa juu atavuna 9 na wa chini 8. Wa juu ametoa maji na bado amepata zaidi kuliko kama angaliyazuia. Hofu ya wadudu imemfanya mwenye maji aone faida ya kuyagawa.

Tarakimu hizo ni za mfano, ila hoja yenyewe imethibitika mashambani. Wakulima wa Bali walipoulizwa ni lipi wanaloliogopa zaidi, wale wenye majaruba ya juu walielekea kutaja wadudu, na wale wa chini walielekea kutaja upungufu wa maji. Kila upande unao uwezo wa kuupa upande mwingine kile unachokihitaji.

MBEGU MPYA NA MAAGIZO MAPYA

Katika miaka ya 1960 na 1970 Indonesia ilikuwa na shida kubwa ya chakula, na ilinunua mchele mwingi kutoka nchi za nje. Wakati huo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, iliyoanzishwa mwaka 1960, ilikuwa imetoa mbegu mpya. Ya kwanza kujulikana sana ni IR8, iliyotolewa mwaka 1966. Mpunga huu ni mfupi wenye bua gumu, kwa hiyo hauanguki ukipewa mbolea nyingi ya naitrojeni, tofauti na mpunga mrefu wa asili. Mbegu nyingine zilizofuata, kama IR36, ziliweza kukomaa katika muda usiofika miezi minne. Serikali ya Indonesia iliwapa wakulima mbegu hizo pamoja na mbolea ya chumvichumvi na dawa za wadudu kwa mkopo.

Huko Bali wakulima walihimizwa na mabwana shamba wapande kila mara iwezekanapo, bila kungoja zamu za mahekalu. Mwanzoni mavuno yaliongezeka. Baada ya misimu michache zamu za maji zilivurugika, na wadudu wakaongezeka kupita kiasi, kwa kuwa mpunga mbichi sasa ulikuwapo shambani wakati wote. Mbegu yenye kuhimili mdudu mmoja ilishindwa na ugonjwa mwingine, na ilipoletwa mbegu ya kuhimili ugonjwa huo, tatizo jipya lilitokea. Dawa nazo ziliua buibui na wadudu wengine walao wadudu waharibifu, hivyo adui akabaki bila mwindaji.

Tangu mwaka 1979 uliendeshwa pia mradi mkubwa wa kutengeneza mabanio na mifereji ya Bali kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Asia. Wahandisi walitazama kila banio kama kitu kinachojitegemea, na hawakuyahesabu mahekalu katika mipango yao. Tathmini ya mradi huo iliyofanywa mwaka 1988 ilikiri kwamba kutothamini utaratibu wa jadi kuliwagharimu wakulima sana. Kabla ya hapo, mwaka 1986, Rais wa Indonesia alikuwa amepiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu katika kilimo cha mpunga, na taifa likaanza kuwafundisha wakulima kuwalinda wadudu wenye manufaa.

Haifai kusema kwamba mbegu mpya hazikuleta faida. Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kwamba imejitosheleza kwa mchele, jambo lililoonekana kuwa gumu sana miaka 15 kabla. Kosa halikuwa katika mbegu. Lilikuwa katika kudhani kwamba kila mkulima ni kisiwa peke yake, na kwamba siku ya kupanda ni shauri lake mwenyewe.

HESABU YA KOMPYUTA

Mtaalamu wa tamaduni za watu kutoka Marekani, Stephen Lansing, aliyekuwa akiyachunguza mahekalu ya maji ya Bali tangu miaka ya 1970, alishirikiana na mtaalamu wa ekolojia, James Kremer, kulijaribu jambo hili kwa kompyuta. Walichukua subak 172 zilizoko kati ya mito miwili ya kusini ya kisiwa, wakaingiza katika programu habari za mvua, mtiririko wa mito, ukuaji wa mpunga na uzazi wa wadudu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993.

Kwanza walilinganisha namna mbalimbali za kupanga upandaji. Kila subak ilipopanda peke yake, wadudu waliongezeka. Zote zilipopanda siku moja, maji yalipungua. Mavuno bora yalipatikana pale subak jirani zilipojikusanya katika makundi ya ukubwa wa kadiri, kila kundi likipanda pamoja na makundi yakipishana. Mpangilio huo ulifanana na ule wa mahekalu ya maji.

Kisha walijiuliza kama mpangilio kama huo wahitaji mtawala wa kuuamuru. Waliipa kila subak ya kompyuta ratiba yoyote kwa bahati nasibu, halafu kanuni moja tu: mwisho wa mwaka iwatazame majirani zake, na ikiwa yuko aliyevuna zaidi, iige ratiba yake. Baada ya miaka michache ya hesabu, makundi yalijitokeza yenyewe na mavuno yakapanda. Yaonekana basi kwamba utaratibu huu wa Wabali ungeweza kujengeka polepole kwa karne nyingi, kwa wakulima kutazamana na kujifunza, bila mfalme wala mhandisi mkuu kuuchora.

MBOLEA ILIYOMO MAJINI

Uchunguzi mwingine uliohusu majaruba hayo ulipima vitu vilivyoyeyuka katika maji. Mawe ya volkano yana madini ya fosforasi na potasiamu, na maji ya mvua yanapopita ndani yake huyabeba na kuyafikisha majarubani. Hali kadhalika, viumbe wadogo wa kijani-buluu waishio katika maji yaliyosimama huweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Kwa sababu hiyo mpunga wa asili uliweza kuvunwa mahali pale pale kwa karne nyingi bila udongo kuchoka.

Mkulima aongezapo mbolea ya dukani bila kupima kilichomo tayari majini, sehemu kubwa yake haitumiwi na mpunga. Huteremka na mito hadi baharini, ambako hustawisha mwani unaoyadhuru matumbawe. Ni jambo la kuwakumbusha wanafunzi kwamba swali la kwanza juu ya mbolea si "tuweke kiasi gani?" bali "kipo kiasi gani?"

HALI YA SASA

Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliingiza mandhari ya subak za Bali, zikiwamo zile za mteremko wa Batukaru, katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lililoorodheshwa lina hekta zipatazo 19,500. Mwaka 2024 Jatiluwih ilitajwa na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Watalii hufika kila siku kuzitazama ngazi za mpunga, na mchele mwekundu wa kijiji hicho umepata soko.

Sifa hizo zimeleta shida zake. Thamani ya ardhi inapopanda, mwenye jaruba hushawishika kuuza au kujenga mgahawa penye mandhari nzuri. Vijana hupata kazi katika mahoteli ya pwani, na kazi ya tope huachiwa wazee. Mahoteli hayo nayo yanahitaji maji mengi. Katika sehemu nyingine za kusini ya Bali, majaruba mengi yamekwisha geuzwa viwanja vya nyumba.

Kwa elimu iliyoelezwa hapo juu, msomaji ataona kwa nini hasara hiyo ni kubwa kuliko eneo la jaruba lililouzwa. Jengo moja katikati ya majaruba laweza kuziba mfereji unaowahudumia walio chini yake. Jaruba lililoachwa magugu huwapa panya maficho wakati wengine wamekausha mashamba yao. Mwanachama mmoja akiondoka, kazi ya kusafisha mfereji inawaelemea waliobaki. Wakulima wachache wakijitoa, waliobaki huona faida ya mapatano ikipungua, nao hushawishika kufuata. Utaratibu uliojengeka kwa kila mmoja kumwiga jirani yake waweza pia kuvunjika kwa njia hiyo hiyo.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Mwalimu aweza kulitumia somo hili katika hesabu, bayolojia au jiografia. Wanafunzi wagawanywe wawili wawili, mmoja awe mkulima wa juu na mwingine wa chini, nao waanze na mfano wa magunia uliotolewa. Kisha wabadili tarakimu: hasara ya wadudu iwe gunia 1 badala ya 3, na hasara ya maji ibaki 2. Waulizwe kama mkulima wa chini bado ataona faida ya kupanda pamoja na mwenzake, na ni maji kiasi gani ambayo wa juu angekuwa tayari kuyaachia.

Watagundua kwamba wadudu wanapopungua sana, sababu ya kushirikiana nayo hupungua, na ugomvi wa maji hurudi. Hapo wajadiliane ni kitu gani kingine kiwezacho kuwafanya wakulima hao waendelee kupatana: sheria, faini, udugu, ibada, au hofu ya msimu ujao ambao hakuna aujuaye. Wakulima wa Jatiluwih wanavitumia vyote hivyo pamoja.